Gemu ya Marekani, runinga ya Lamu

Ilikuwa enzi za runinga zenye kisogo. Ami alirudi kutoka Marekani na mashine kuukuu ya gemu, Super Nintendo, akanipa. Bahati yangu nilisoma adapta kabla ya kuichomeka: 120V. Huku kwetu umeme ni 240. Nikaagiza Mombasa transfoma ya kushusha umeme, ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti.

Usiku huo watoto wa Langoni wakajaa ukumbini. Waya wa njano nikauchomeka kwenye picha, mwekundu na mweupe kwenye sauti. Sauti ikatoka safi. Picha ikawa inapanda, inapanda, haina kituo, tena haina rangi. "Hini ni mbovu," akasema mmoja, akaenda zake.

Fundi alitaka kuifungua. Nikamkatalia; mashine mbovu haitoi sauti kama ile. Baadaye nikaelewa kwamba runinga yangu ilikuwa ya PAL, mfumo wa picha wa Ulaya na kwetu: mistari 625, ikiburudisha kioo mara 50 kwa sekunde. Mashine ilikuwa ya NTSC, mfumo wa Marekani: mistari 525, mara 60. Nyuma ya runinga palikuwa na kitufe cha V-HOLD, cha kuzuia picha isipande wala kushuka. Nilikizungusha taratibu kwa ncha za vidole, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mpaka picha ikatulia, ingawa ilikuwa imebanwa kimo. Rangi ndiyo haikuja ng'o: Marekani ziliwekwa kwenye masafa ya 3.58 MHz, na runinga yangu ilizitafuta kwenye 4.43.

Tukacheza nyeusi na nyeupe kwa wiki kadhaa. Kisha jirani akataka kuuza runinga aliyoletewa kutoka Dubai, nzito, ya kubebwa na watu wawili. Pembeni imeandikwa Multi System, yaani inapokea zaidi ya mfumo mmoja. Kabla ya kulipa nikaipeleka mashine kwake, nikaingia kwenye menyu ya rimoti, nikachagua NTSC 3.58. Nyasi zikawa kijani. Sikubishana bei sana, na hilo ndilo kosa langu.

Binamu yangu wa Malindi alikuwa na mashine ya Ulaya, na gemu ile ile ya mbio. Kwake kulikuwa na mistari mipana myeusi juu na chini, na magari yalijikokota. Akadai yangu ndiyo ina papara. Nikavua saa ya mkononi, tukapima: dakika 1 ya gemu yake ilichukua sekunde 72, kwa sababu ilihesabu picha 60 kuwa ni sekunde moja, huku runinga ikimpa 50 tu.

Mpaka leo anasema saa yangu ndiyo mbovu.