Siku anko aliponinyima mkono

Asubuhi ya tarehe 13 Agosti 2024 nilimpa anko mkono, akautazama tu. Kwetu Chwele, Bungoma, mtu akikunyima salamu asubuhi, jua kuna kesi. Nikaanza kujikagua: nimemkosea wapi?

Anko ni mume wa senge, yaani shangazi, Mgisu wa upande wa Mbale, Uganda, na ni Myahudi. Si wa juzi. Babu yake alimfuata Semei Kakungulu, yule kiongozi aliyewatahiri wanawe na kuanza kushika Sabato mwaka 1919, na wakati wa Idi Amin nyumba yao ilisali kwa kujificha. Alikuja kwetu kufuatilia pesa za vitunguu. Mnunuzi akawa mtu wa "njoo kesho", na katika hizo kesho Tisha b'Av, siku yao ya kufunga na kuomboleza, tarehe 9 ya mwezi wao wa Av, ikamkuta sebuleni kwa mama.

Dalili tulikuwa tumeziona. Mama alikuwa amemfungia jogoo, maana mgeni wa Mluhya bila ingokho, yaani kuku, ni aibu ya boma zima. Anko akasema siku hizi tisa za kuelekea Tisha b'Av hakuna nyama wala divai, na hata zikiisha, jogoo lazima achinjwe na mtu wao anayejua sheria. Mama alinyamaza, lakini sufuria zilisikika.

Jumatatu jioni, kabla jua halijazama, anko aliomba yai la kuchemsha, kipande cha mkate na jivu la jikoni. Jivu! Akakaa sakafuni, akachovya mkate kwenye jivu, akala polepole. Ilipofika saa moja kasoro dakika kumi hakuna tena kula, kunywa, kuoga wala kujipaka mafuta hadi nyota za kesho yake. Viatu vya ngozi vikaenda chini ya kiti, akavaa akala za matairi. Akazima taa, akawasha mshumaa mmoja, akaanza kusoma Maombolezo ya Yeremia, kwa sauti kama ya mtu anayelia bila haraka. Aya chache alitutafsiria: mji uliokuwa umejaa watu sasa umekaa peke yake, kama mjane.

Mama alitoka jikoni. Mahali pale pale alipokuwa amekaa anko, yeye alikaa chini siku mwili wa baba ulipolala sebuleni. Hakusema neno. Alichukua gunia lake, akalitandika kando ya mlango, akakaa hadi kitabu kikaisha.

Kwa hiyo asubuhi, nilipoachwa na mkono hewani, mama ndiye aliyenieleza: mfiwa hasalimii. Anko alinawa vidole tu, maji hayakuvuka maungio, akarudi sakafuni.

Habari ya mtu kukaa chini ilifika kwa majirani kabla ya chai. Saa nne wakaingia kina mama wawili, na sukari na majani kama desturi.

"Mama Wekesa, pole. Nani ametuacha?"

"Hekalu," mama akasema.

"Hekalu nani?"

Ikabidi anko afafanue kutoka pale chini. Hekalu la kwanza la Yerusalemu lilichomwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, la pili na Warumi mwaka 70, yote yanaliliwa siku hii moja. Mmoja akahesabu kwa vidole, akakata tamaa. Mwenzake akauliza kama watu hao hawakuwahi kunyoa nywele wakamaliza matanga, swali ambalo mimi naliona la maana kabisa. Anko alikaribia kucheka, akajizuia. Sukari waliiacha.

Baada ya adhuhuri alihamia kwenye kiti na kuvaa zile kamba zake za sala, ambazo asubuhi hakuzigusa. Usiku, nyota zilipotoka, alinitafuta nyuma ya nyumba, akanisalimu. "Mulembe, Wekesa." Akanishika mkono, hakuuachia hadi mama alipoleta maji.

Jumatano mchana alipanda bodaboda ya kwenda Lwakhakha, mpakani. Pesa za vitunguu bado. Jogoo alikuwa mapajani mwake, kichwa nje ya mfuko, akitazama barabara ya Uganda.