Kura ya siri kwenye Moodle: mwalimu naye asione majina

Wanafunzi wangu wa baiolojia walikuwa wanazikwepa kura za Moodle, jukwaa letu la masomo mtandaoni, mpaka mmoja akauliza: “Mwalimu, wewe si unaona majina?” Naona, ndiyo. Zana ya kura iitwayo Choice, hata ukiiweka itangaze matokeo bila majina, inawaficha wanafunzi wao kwa wao tu; mwalimu akifungua majibu anamkuta kila mtu na alichochagua.

Nikahamia Feedback, zana nyingine ya Moodle, ya kukusanya maoni. Kwenye mpangilio wa kurekodi majina nikachagua Anonymous, kisha nikaweka swali moja tu la kuchagua: “Wapi hapajaeleweka?” Majibu yakamiminika. Wengi walikwama kwenye usanisinuru, na mimi nilishahamia upumuaji wa seli! Ila darasa likiwa la watu watatu au wanne, siri hiyo si siri kweli: ni rahisi kukisia nani kajibu nini.