Pindo la sketi na sentimita moja ya uongo

"Nesi, huyu mtoto harefuki." Mama alishika ncha ya sketi ya bintiye akaigeuza ili nione. "Tazama pindo. Nililikunja mwaka juzi nikijua nitalifungua akianza kurefuka. Mpaka leo sijaligusa."

Nikamwonyesha fomu. Miezi sita nyuma binti alikuwa na sentimita 119.6, siku hiyo 121.8. Ameongeza 2.2, yaani kwa mwaka 4.4. Si nyingi, ila mstari ameuvuka. Utafiti wetu uliwafuatilia watoto wafupi kwa umri wao, na utaratibu ulisema hivi: mtoto wa miaka tisa kama huyu, ambaye hajaanza kubalehe, akikua chini ya sentimita 4 kwa mwaka apelekwe kupimwa damu na kupigwa picha ya mkono. Wenzake wa rika hilo huongeza 5 au 6.

"Anakua, mama, ila taratibu," nikamjibu. Aliitazama fomu, akalitazama pindo, akamshika mwanawe mkono wakaondoka.

Niseme ukweli, wakati huo kupima urefu niliona ni kazi ya kumwachia mwanafunzi. Kuchoma sindano ya mshipa kwa mtoto mnene, hapo ndipo nilipojidai. Kumsimamisha mtu ukutani na kusoma namba? Yeyote anaweza.

Wiki mbili baadaye mtakwimu wa utafiti akaniita. Alikuwa amepanga vipimo vyote vya nusu mwaka kwenye kompyuta. Mtoto mmoja alikuwa amefupika kwa milimita 6. Mwingine alikuwa amerefuka sentimita 7 kwa miezi sita, kama mgomba kwenye jalala. Halafu akanionyesha kitu kilichoniuma zaidi: vipimo vyangu karibu vyote viliishia na sifuri au tano. "Watoto wako wote wanakua kwa nusu sentimita nusu sentimita, dada," alisema bila hata kutabasamu. Jicho langu lilikuwa linatafuta mstari mrefu wa rula na kutua hapo.

Ukipima mara mbili kwa mwaka, kosa la nusu sentimita unapolizidisha ili kupata kasi ya mwaka linakuwa sentimita nzima. Na sisi kwa sentimita hiyo moja ndiyo tuliyokuwa tunaamua nani apimwe damu na nani arudi nyumbani.

Nilianza na kifaa chenyewe. Tulikuwa na fimbo ya chuma ya sentimita 100 kamili ambayo ilitakiwa kusimamishwa chini ya kipimo kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza. Ilikuwa kabatini, na vumbi lake. Nilipoisimamisha ikasoma 100.8. Skrubu zilikuwa zimelegea na kipimo kimeteleza ukutani kidogo kidogo, lini hasa hakuna ajuaye.

Kisha nywele. Yule aliyefupika alikuja mara ya kwanza na mafundo ya nywele utosini, mara ya pili amenyolewa. Hilo halikuhitaji mtakwimu. Tangu hapo tulianza kuwapigia wazazi simu siku moja kabla, tukiwaomba nywele zisifungwe juu.

Mkao wa mtoto ulinichukua muda mrefu zaidi kuliko nilivyodhani. Visigino, makalio na mabega viguse ubao, hayo nilikuwa nayajua. Nisichokijua ni kichwa. Mtoto ukimwambia "simama wima" huinua kidevu kama askari, na kidevu kikipanda utosi unashuka. Inatakiwa ukingo wa chini wa tundu la jicho uwe sambamba na tundu la sikio, na huwezi kuuona usawa huo ukiwa umesimama juu yake. Lazima upige magoti. Mwenzangu, mwenye magoti mabovu, alileta kigoda.

Kwa wale wadogo zetu wa chini ya miaka miwili, tuliowapima wamelala ubaoni, mtu mmoja hatoshi kabisa. Mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti. Nilipokuwa nafanya peke yangu nilikuwa napima hasira ya mtoto, si urefu wake.

Shirika la Afya Duniani lilipokusanya vipimo vya kutengeneza viwango vya ukuaji, kati ya 1997 na 2003, kwa watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, wapimaji walikuwa wawili, kila mmoja anaandika kivyake. Wakipishana zaidi ya milimita 7 wanarudia wote. Tukaiga. Mimi na mwenzangu tulichukua watoto 20, tukampima kila mmoja mara mbili bila kuoneshana karatasi. Mara ya kwanza nilipishana na mimi mwenyewe kwa milimita 9. Mtoto yuleyule, mkono uleule, dakika kumi zimepita! Tulirudia zoezi hilo kila Ijumaa kwa wiki kadhaa mpaka tofauti zikashuka kwenye milimita 2 au 3.

Jambo jingine nililitoa kwenye fomu mwenyewe: kipimo cha safari iliyopita. Ukishaona 121.8 imeandikwa juu, ukasoma 121.5, mkono unakuambia umekosea, unampandisha mtoto kidogo ili asikuaibishe. Kwa hiyo namba ya zamani ikafichwa mpaka mpya iandikwe.

Lakini saa ndiyo iliyonirudisha kwa yule binti. Mtoto anapoamka, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo zimevimba kwa maji. Akisimama na kukimbia zinabonyea, na kufikia jioni anaweza kuwa amepungua sentimita nzima. Fomu zetu zilikuwa na nafasi ya kuandika saa, na saa tuliandika. Hakuna aliyewahi kuisoma. Nilikaa siku nzima nikipanga fomu upya kwa saa. Yake ikaanguka mbele yangu: kipimo cha kwanza saa 10 jioni, cha pili saa 2 asubuhi.

Nilijua hapohapo. Ile 2.2 niliyomwonyesha mama ilikuwa na sentimita ya usingizi ndani yake.

Nikampigia simu, nikamwomba amlete tena, jioni saa ileile ya mwanzo. Nilisoma 120.9, mwenzangu 120.8. Yaani kwa karibu miezi saba alikuwa ameongeza kama sentimita 1.3. Nilimwambia mama mbele ya daktari kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikosea, na nikaeleza kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa anapimwa damu lini?" akauliza.

Alipimwa siku hiyohiyo. Thairoksini, homoni inayotengenezwa na tezi ya shingoni, ilikuwa chini, na ile homoni ya ubongoni inayoisukuma tezi hiyo ifanye kazi ilikuwa juu sana, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Kinga ya mwili ilikuwa inaishambulia tezi yenyewe. Picha ya mkono wa kushoto, ambao ndio hutumika kusoma umri wa mifupa, ilionyesha mifupa ya mtoto wa miaka sita. Daktari alipouliza kuhusu choo kigumu na kusikia baridi, mama alijibu yote mawili kabla swali halijaisha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sisi tulikuwa na namba.

Kuna wazazi wengine kwenye utafiti waliokuwa wakiomba sindano za homoni ya ukuaji tangu siku ya kwanza. Kwa binti huyu zisingekuwa dawa. Tatizo halikuwa huko. Alipewa kidonge kimoja cha thairoksini, kila asubuhi tumbo likiwa tupu, na damu kurudiwa baada ya wiki sita ili kipimo cha dawa kirekebishwe.

Mfaransa mmoja wa zamani, Montbeillard, alimpima mwanawe kuanzia 1759 hadi 1777, kila baada ya miezi kama sita, na Buffon akavichapisha vipimo hivyo. Wataalamu wa ukuaji huvitazama hadi leo. Baba mmoja na mtoto mmoja, miaka 18. Nilipokuwa napiga magoti kwa mtoto wa kumi na tano siku moja nilimkumbuka, nikajiuliza kama naye mgongo ulimuuma.

Binti alirudi baada ya miezi sita ya dawa, saa 10 jioni. Fimbo ilikuwa imesoma 100.0 asubuhi. Mimi niliandika 125.6, mwenzangu 125.8. Alikuwa amevaa sketi ileile, pindo limefunguliwa, na pale lilipokuwa limekunjwa kitambaa kilikuwa na mstari mweusi kuliko kwingine kote.