Nilivyojifunza Kutunza Hesabu za Kikundi kwa Kompyuta Baada ya Kustaafu

Wanangu waliponinunulia kompyuta mpakato, kikundi chetu cha kuweka na kukopa cha VICOBA hapa Kihonda, Morogoro, kilikuwa ndio kwanza kimeanza mwaka mpya wa hisa, na mimi ndiye niliyekuwa katibu. Niliipokea kwa sharti nililojiwekea mwenyewe, kwamba nitajifunza kazi moja tu ninayoifahamu vizuri, yaani kutunza hesabu za kikundi, na mambo mengine yote yatasubiri. Nilistaafu mwaka 2009 nikiwa karani wa masijala, na naamini kwamba mtu wa umri wangu hana haja ya kujua kila kitufe kina kazi gani, ila ana haja kubwa ya kujua kwa nini anabonyeza kile anachokibonyeza.

Ratiba yangu ni nyepesi, nami huifuata kwa uaminifu. Baada ya sala ya alfajiri humwagilia mchicha na matembele, hunywa chai, kisha saa tatu kamili hukaa mezani hadi saa nne na nusu. Kila siku hujifunza jambo jipya moja tu, na muda unaobaki huutumia kurudia ya jana. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, huandika daftarini hatua za jambo lile kwa kichwa, kompyuta ikiwa imefungwa, na hatua inayokataa kukumbukwa ndiyo inayokuwa somo la kesho yake. Namhimiza kila mstaafu afanye hivyo, kwa sababu kufuata maelekezo yaliyo mbele ya macho hutupa hisia ya kujua, wakati kuandika bila kutazama ndiko kunakoonyesha tulichokishika kweli.

Mwili nao ulihitaji kupangiwa. Navaa miwani ya lenzi mbili, ambayo sehemu yake ya chini ndiyo ya kusomea, na mtu aliyeivaa mbele ya kioo kilichoinuliwa juu hulazimika kuinua kidevu muda wote, jambo linaloumiza shingo kabla ya nusu saa kwisha. Niliacha kompyuta ikae chini juu ya meza, nikainamisha kioo nyuma kidogo, nikakuza maandishi kwa kushikilia Ctrl huku nikizungusha gurudumu la kipanya, na katika mipangilio nikaongeza ukubwa wa kishale na kupunguza kasi yake. Kila baada ya dakika 20 hupumzisha macho kwa sekunde 20 kwa kutazama mbali, na hapa kwetu dirisha langu limeelekea milima ya Uluguru, kwa hiyo mapumziko hayo ni ya raha.

Vidole havikunisumbua. Ujanani nilifundishwa kupiga chapa huko Tabora, na mpangilio wa herufi za kompyuta ni uleule uliorithiwa kutoka kwenye mashine za chapa za karne ya 19, hivyo mkono wa kushoto bado hupumzika juu ya A, S, D na F kama zamani. Mazoea mawili ndiyo yaliyohitaji kuachwa. Kwanza, kwenye mashine tulisikia kengele mstari ulipokaribia kwisha, nasi tukaurudisha mkono wa mashine kuanza mstari mwingine. Kompyuta hushuka yenyewe, na kitufe cha kushukia huachiwa mwisho wa aya. La pili lina uzito zaidi kwa mtunza hesabu. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na tarakimu 1, tukawa tunaandika herufi ndogo ya l mahali pake, na wasomaji hawakuona tofauti. Programu ya lahajedwali, yaani ya kupangia hesabu kwa mistari na safu za visanduku, huona tofauti hiyo mara moja: kiasi kilichoandikwa kwa herufi huhesabiwa kuwa neno, nacho huachwa nje ya jumla bila onyo lolote. Kinga yake ni kutazama safu nzima kabla ya kujumlisha, kwa kuwa programu hupanga namba upande wa kulia wa kisanduku na maneno upande wa kushoto, na kiasi kilichoegemea kushoto lazima kichunguzwe.

Katika kikundi chetu mwanachama hununua hisa kuanzia 1 hadi 5 kila kikao, anaweza kukopa hadi mara tatu ya thamani ya hisa zake, na mfuko wa jamii huandikwa peke yake kwa ajili ya wagonjwa na misiba. Nilianza na hisa tu: majina kwenye safu ya kwanza, tarehe za vikao juu, na mwisho wa kila mstari fomula ya =SUM inayojumlisha. Somo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni la mgao wa mwisho wa mwaka. Tuchukue mfano wa fedha zote kuwa shilingi 9,240,000 na hisa zote kuwa 3,300. Kila hisa itakuwa na thamani ya shilingi 2,800, na mwenye hisa 150 atapata 420,000. Thamani hiyo ya hisa huwekwa kwenye kisanduku kimoja, na fomula ya kila mwanachama lazima irejee hapohapo. Bila alama ya dola, kama katika $G$1 (kisanduku cha safu ya G, mstari wa 1), fomula ikinakiliwa kushuka chini huhama na kutafuta thamani kwenye kisanduku kinachofuata. Siku nilipoielewa alama hiyo nilijua kwamba kazi hii nitaiweza.

Mjukuu wangu huja Jumamosi, na tulikubaliana kwamba aniongoze kwa mdomo bila kugusa kipanya. Vijana wana huruma ya haraka. Husema, "Bibi, ngoja nikufanyie," na jambo huwa limefanyika kabla jicho halijalifuata. Ninamshukuru kwamba amejifunza kungoja.

Majina ya mafaili niliyapanga kama nilivyopanga majalada masijala, yakianza na mwaka, mwezi na tarehe ya kikao, kisha jina la kazi, hivyo hujipanga yenyewe kwa mfuatano. Umeme ukikatika betri huendelea kwa muda, lakini hata hivyo nabonyeza Ctrl na S kila nimalizapo mstari. Baada ya kikao nakala huingia kwenye flashi, na flashi hukaa ndani ya kasha la kikundi lenye kufuli tatu, ambalo halifunguki mpaka washika funguo wote watatu wawepo, kwa sababu hesabu za watu zinastahili ulinzi sawa na fedha zao.

Wanachama wameamua kwamba daftari la mkono libaki kuwa kumbukumbu rasmi na kompyuta itumike kulihakiki, uamuzi ambao naukubali kabisa, maana wengi wao wanataka kuona mstari wao na kuweka saini mbele yake. Asubuhi hizi najifunza kuchapa karatasi ya kila mwanachama yenye hisa zake na deni lake, ili aweze kuilinganisha na kitabu chake akiwa nyumbani kabla ya siku ya mgao.