Nilikaa kimya

Wiki hii tumesaini mkataba wa pailoti (kile kipindi cha majaribio) ya komedi yetu ya TV, dada kajifungua salama, nimehama chumba, na bado nikifumba macho ninachokiona ni zile sekunde chache za kikao cha Jumanne.

Prodyuza alikuwa kaifungua skripti yetu ukurasa wa 14, ule wa lifti. Mzee wetu wa kwenye skripti mnamjua. Anaingia, sauti ya lifti inasema mlango unafungwa, anaisalimia, kimya, anaisalimia tena, kimya, basi anamgeukia kijana aliyesimama naye: "Huyu mama wamemfungia humu tangu lini?" Prodyuza aliusoma kwa sauti akacheka mpaka akavua miwani. Akafuta macho, akatuangalia, akauliza, "Kati yenu wawili, mchekeshaji hasa ni nani?"

Swahiba, mwandishi mwenzangu, akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Mi naweka nukta tu."

Watu wakacheka. Na mi nikacheka nao.

Mstari ule ni wake. Tena mi ndo nilitaka kuutoa, usiku ule tunaandika nilimwambia unachelewesha sini (onyesho), nikaukata kwa kalamu nyekundu, yeye wala hakubishana, aliuandika upya pembeni kwa mwandiko wake ule mdogo unaolalia kushoto akaendelea na ukurasa unaofuata. Karatasi hiyo ninayo hapa mezani. Halafu Jumanne nasifiwa kwa mstari nilioukata mwenyewe, naitikia kwa kichwa.

Miaka mitatu tumehangaika wote, skripti kurudishwa mara mbili, kile kipindi kilichochukua vichekesho vyetu halafu majina yetu yakasahaulika mwishoni (niliandika hapa nikiwa na hasira, mnakumbuka), yote tumeyabeba wawili, halafu siku mlango unafunguka naingia peke yangu. Hilo ndo linaniuma. Na yeye ndo alinisimulia habari za Ray Galton na Alan Simpson, Waingereza waliokutana mwaka 1948 wakiwa vijana, wote wamelazwa kwa kifua kikuu, wakaanza kuandika pamoja, redio kwanza, mpaka 1956 kipindi walichokuwa wanakiandikia redio kikaingia kwenye TV. Majina yao hadi leo yanatajwa pamoja. Alikuwa anapenda sana kulirudia hilo.

Ijumaa usiku akapiga simu, kisa ni kazi. Nusu saa ya TV ukitoa matangazo inabaki kama dakika 22, na ukurasa mmoja ni kama dakika moja, sisi tunazo kurasa 31, kwa hiyo tisa lazima ziondoke. Alikuwa anataka tuanze na sini ya tatu. Nikamkatiza. Nikamwambia lile swali la Jumanne nilipaswa kulijibu mimi, nisamehe.

Akanyamaza kidogo. "Niliogopa," akasema. "Nilijua nikisema ni mimi wataniambia haya tuchekeshe basi, papo hapo, na mi mbele za watu siwezi." Halafu akaongeza taratibu, "Ila ungesema, ningefurahi."

Sijui niwaelezeje, nililala usingizi ambao sijalala tangu Jumatatu. Hakunipoza, alinipa ukweli wote, ule wa kunitetea na ule wa kunichoma, kwenye pumzi moja. Jana tumekata kurasa sita tukiwa tumekaa meza moja, na ukurasa wa kwanza nimechapa majina upya, lake limetangulia, aliliona akaliacha. Kikao kijacho ni Alhamisi na nimeshajua nitakachosema kabla hata hatujakaa.

Zimebaki tatu, tutazimaliza kesho.

Ila leo mama kanipigia kuniuliza dada kapata mtoto gani, nikamwambia wa kike, tukafurahi, tukaongea jina, tukaagana vizuri. Baada ya nusu saa kapiga tena, sauti ile ile ya furaha, kauliza hivyo hivyo.