Eti vijibwa vya kizungu havikai kituoni

Kila mtu aliniambia hivyo kwenye kituo chetu cha mbwa walioachwa. "Huyo mdogo? Ijumaa haifiki ashachukuliwa." Kumbe huyo terrier mchanganyiko, kijibwa cha kuwinda panya, aliyeachwa na wapangaji wa Nyali, Mombasa, waliohama nchi, alimaliza masika nzima nyuma ya wavu, akitetemeka kila majibwa makubwa yakibweka, na wageni wakimpita bila kumwona.

Ushauri uliofuata: mwoshe, mpambe, mpige picha. Tukamwosha, tukamfunga utepe mwekundu, tukamkalisha juu ya mto kama bi harusi. Picha ikasambaa WhatsApp, simu yangu haikupumua. Wa Mtwapa: "Dume? Nina jike wangu, tupandishe." Mwingine akauliza watoto wake wangeuzwaje. Dada mmoja alimtaka awe zawadi ya mtoto wa miaka 3, na bwana huyu ukimgusa amelala hutoa meno. Chanjo ya kichaa cha mbwa hakuna aliyeiulizia.

Nikaifuta picha. Tukachanga elfu kadhaa, daktari wa mifugo akamhasi. Tangazo jipya likaanza na neno AMEHASIWA, kwa herufi kubwa. Wafanyabiashara kimya! Nawashauri wote muanzie hapo.

Basi akabaki bila mtu. Lakini terrier ni mbwa wa kazi. Hata Yorkshire terrier, hao wanaobebwa mikobani leo, katika karne ya 19 walikuwa wakiwinda panya kwenye viwanda vya nguo Uingereza. Na Kisauni namjua mzee mwenye duka la chakula cha mifugo, panya wanamtobolea magunia usiku kucha.

"Mzee, nimekuletea fundi."

Akamtazama kwapani mwangu, akacheka mpaka akakohoa. "Panya wangu watamla huyo."

Tukasogeza gunia la pumba. Panya akachomoka. Mzee hajainua fimbo, kijibwa kishamdaka shingo, kamtikisa mara moja, kamtupa, anatafuta mwenzake. Wa pili, vivyo hivyo. Kicheko kikakatika. Mimi nikajifanya namfunga kamba tuondoke zetu.

"Unampeleka wapi sasa?"

Mkewe akaja juu: je, najisi? Mzee akamjibu mwenyewe kwamba mbwa wa kuwinda na kulinda anaruhusiwa, atalala uani na chombo chake mbali, na akilamba sufuria itaoshwa mara 7, moja kwa udongo. Mama akasema basi muoshaji ni wewe.

Sharti langu lilikuwa sumu ya panya itoke yote dukani kabla mbwa hajaingia, maana akila panya aliyekula sumu, naye kwisha. Na kupe, kwa joto letu hili, amkague masikioni na katikati ya vidole kila jioni.

Sasa tuna dachshund mzee, yule mbwa mrefu wa miguu mifupi, macho yamefifia, meno nusu. Huyo panya watampita puani. Tangazo lake bado naliwaza.