Siku moja maishani mwangu: somo la kukausha korosho, Tandahimba

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai nalipitia lengo la somo. Jana niliandika: "Wakulima waelewe umuhimu wa kukausha korosho." Nalifuta, maana kuelewa hakuonekani kwa macho. Robert Mager, Mmarekani mtaalamu wa ufundishaji, mwaka 1962 alieleza kuwa lengo liseme mambo matatu: mtu atafanya nini, katika hali gani, kwa kiwango gani. Sasa linasomeka: "Akipewa korosho 20, bila kipimo cha unyevu, mshiriki atenge kavu na mbichi, asikosee zaidi ya mbili." Lengo likishakaa hivyo, nusu ya maneno niliyopanga kusema hayana kazi tena.

Saa 1 asubuhi. Washiriki ni 24, makundi sita, kila kundi ungo mmoja. Katika kila ungo naweka korosho 10 zilizoanikwa siku tatu na 10 zilizookotwa jana, zote zina namba. Majibu yamo daftarini mwangu.

Saa 3. Viti kwa duara. Safu za madawati humrudisha mtu mzima darasa la nne, na aliyeacha shule pale hatafungua mdomo tena. Swali kwanza:

"Shikamoo bibi. Unajuaje korosho imekauka?"

"Marahaba mwanangu. Naitikisa, inalia."

Mwingine anataja ukucha. Yote yanaingia kwenye bango kitita kwa maneno yao. Watu hawa wameanika korosho miaka mingi. Kuwaanzia sifuri ni kuwakosea heshima, na pia ni kupoteza saa nzima.

Saa 4. Hapa ndipo somo lilipo. Mmoja anatenga kwa dakika tano, watatu wanatazama kimya, kisha zinachanganywa na ungo unahamia kwa mwenzake. Bila sharti la kimya, msemaji mmoja atatenga kwa niaba ya wote, na utadhani kundi zima linajua. Mzee anatikisa namba 7 sikioni, anabonyeza ganda kwa ukucha wa dole gumba. Kimebaki kialama chembamba kama mwezi mwandamo. Anairudisha upande wa mbichi.

Aliyekosea simwambii jibu. Namshikisha korosho aliyoikosea mkono mmoja, kavu mkono mwingine, abonyeze zote mbili. Mwezeshaji akikimbilia kusahihisha, kinachofanya kazi ni mikono yake yeye, si ya mkulima.

Saa 6. Jua kali, chai na muhogo.

Saa 7. Maelezo ya dakika kumi tu: gunia la katani linapumua, mfuko wa plastiki unafungia unyevu, korosho zinaota ukungu.

Saa 8. Maswali ya somo la jana, la kutenga korosho na mabibo, daftari zimefungwa. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona usahaulifu unakwenda kasi zaidi mwanzoni. Kwa hiyo jambo huulizwa tena kesho yake, kisha baada ya wiki.

Saa 9. Kila mmoja anataja atakachofanya nyumbani na siku atakayokifanya. Ndivyo vikundi vya Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya Tanzania, vilivyokwenda mwaka 1973: vilisikiliza redio, vikajadili, vikatoka kwenda kuchimba vyoo.

Saa 11 jioni. Nahesabu makosa. Namba 12 na 16 zimewashinda wengi: kabla ya kuokotwa zilishika jua la siku moja zaidi ya mbichi nyingine, ganda limeanza kuwa gumu. Wiki ijayo ungo mzima utakuwa wa korosho za namna hiyo.